Redio ya Baba Mkwe na Vijiwe vya Madoido

Kuna watu wakiona kitu kitupu wanaona kitu kitupu, basi, maisha yanaendelea. Madoido akiona kitu kitupu mikono inamwasha. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja wa saluni anakotengeneza kucha, kwa sababu mtu anaingia pale kupakwa rangi moja tu ya heshima, ya kwendea kazini, na anatoka na maua, vipepeo na kijiwe cha kumetameta kwenye kila kidole, wala hajui ilikuwaje. Nyumbani ndiyo usiseme. Mfuniko wa sufuria una ua. Kioo cha kunyolea kina ua. Mumewe, dereva wa lori la saruji, aliamka siku moja akakuta usukani wake umepigwa mstari wa vijiwe vya bluu. Alilalamika wee, akasema madereva wenzake watamcheka mpaka astaafu, halafu hakubandua hata kimoja. Mapenzi hayo, tumwachie mwenyewe.

Walikuwa wakiishi kwa mama yake mume, kwa kuwa mume ndiye kitinda mimba na wakubwa wote walishatawanyika. Na hapo ndipo palipokuwa na shida, ingawa ukimweleza mtu shida yenyewe atakuona huna shukrani. Mama mkwe hakuwa mkali. Hakuwa mchoyo, hakuwa mdaku, hakuwa mtu wa kupima sukari kwenye kopo. Tatizo lake lilikuwa moja tu: alimwita Madoido mgeni.

"Mgeni, umelala salama?" "Mgeni, acha hivyo vyombo, nitaviosha." "Mgeni, sogea huku kwenye feni."

Heshima tupu! Lakini heshima nayo ikizidi inakuwa ukuta. Wahenga walishasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Madoido alikuwa amemaliza miezi kadhaa ndani ya nyumba ile na jembe lenyewe hajaliona hata mpini. Akishika ufagio ananyang'anywa kwa upole. Akiingia jikoni anatolewa kwa tabasamu. Kuna wakati alitamani mama mkwe amgombeze walau mara moja, kama anavyomgombeza mwanawe, ili ajue kwamba na yeye ni mtu wa pale.

Basi wifi yake, dada wa mume anayeishi mji mwingine, akajifungua, na mama mkwe akafunga safari kwenda kumsaidia. Mlangoni, begi begani, alimgeukia Madoido.

"Haya mgeni, nyumba nakuachia. Jisikie uko kwako."

Angeambiwa mtu mwingine maneno hayo, angefua mapazia akatulia. Madoido aliyameza mazimamazima. Uko kwako! Alizunguka sebuleni akitafuta kitu cha kumfurahishia mama huyu wa maneno machache, kitu ambacho akikiona tu atasema, huyu mwanamke ana mkono, huyu ni wetu. Macho yake yakatua kwenye redio.

Ilikuwa redio kaseti ya zamani, kubwa, ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, yenye spika mbili na mkono wa kubebea. Ilikaa juu ya kabati karibu na dirisha. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe, aliyefariki kabla Madoido hajaingia kwenye ukoo ule. Kila jioni mama mkwe aliifuta kwa kitambaa cha njano ambacho hakifuti kitu kingine, akavuta kiti, akaiwasha na kusikiliza taarifa ya habari mkono wake ukiwa juu ya redio. Madoido aliiona imezubaa, maskini, imechakaa. Tena pembeni ya kile kitufe cha mviringo cha kutafutia stesheni palikuwa na doa baya: rangi ya fedha imeliwa, plastiki nyeusi imejitokeza, pameingia ndani kidogo.

"Hii aibu nitaifunika," alijiambia.

Akaifunika kweli. Siku yake ya mapumziko alibandika stika za maua ya waridi kwenye mlango wa kaseti na kwenye pembe zote. Akazungushia spika vijiwe, duara kwa duara. Na pale kwenye doa, kwa kuwa pamebonyea na kijiwe cha kawaida kisingekaa, alijaza gundi nzito ile inayovutika kama mpira, akakandamiza jiwe kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, la rangi ya samawati, ambalo alikuwa amelitunza kwa ajili ya bibi harusi fulani asiyetokea. Akapiga picha, akaiweka kwenye stetasi ya simu yake: "Hata wazee wana haki ya kung'aa. Karibuni saluni." Sifa zikamiminika, mioyo, makofi, moto. Madoido akalala na raha zake.

Jumamosi asubuhi mumewe akarudi safari na habari njema.

"Mama kanipigia nikiwa njiani. Kesho mchana yuko hapa." Akaingia sebuleni huku anavua viatu. Kiatu kimoja kikabaki mkononi. "Mke wangu."

"Abee!"

"Redio imefanyaje?"

"Imependeza, siyo?"

Mume aliisogelea redio taratibu, akanyoosha kidole gumba chake mpaka kikagota kwenye lile jiwe la samawati, akakirudisha.

"Hapa palikuwa na alama."

"Ile nyeusi? Nimeifunika. Ilikuwa inaitia redio aibu."

"Ni dole gumba la baba."

Madoido akacheka, akidhani ni utani. Mwenzake hakucheka.

"Hiki kitufe kililegea tangu mimi niko shule ya msingi," mume akasema. "Ukipata stesheni ukaachia, inatoroka. Lazima uegemeze kidole hapa pembeni ndiyo itulie. Baba alikuwa anakaa hivyo kila jioni, kidole hapa, mpaka habari ziishe. Miaka yote hiyo. Rangi ikalika, plastiki ikaliwa. Alipofariki, mama naye akawa anaweka kidole palepale. Unadhani kwa nini anakaa na mkono juu ya redio?"

Loo! Madoido akakaa chini sakafuni palepale alipokuwa. Aliona aibu. Jioni ngapi amemwona mama yule ameweka mkono wake pale, na hakuuliza hata siku moja? Sasa kesho mchana mama atafika na begi lake, atavuta kiti, atanyoosha kidole kumtafuta mumewe, na atakutana na jiwe la bibi harusi. Hatagomba. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Atasema, "Asante, mgeni," na Madoido atabaki mgeni hadi azeeke.

"Nani mwingine ameiona?" mume aliuliza.

"Wateja wangu tu, kwenye simu."

"Basi hilo la ndani. Tunavitoa vyote kabla hajafika." Akaenda jikoni, akarudi na kisu.

"We! Weka kisu hicho!" Madoido aliruka. "Unachuna mbuzi? Kubandua vitu ndiyo kazi yangu mimi. Kila siku nabandua kucha, vijiwe, na hakuna mteja aliyewahi kutoka damu."

Akaleta sanduku lake la kazi, akatoa pamba na chupa ya asetoni, ile dawa ya kubandulia kucha za bandia. Kwa bahati, na hii bahati uikumbuke, aliona vibaya kuanza na lile jiwe kubwa. Akaanza mbali kabisa, pembe ya chini, kwenye stika ndogo ya waridi. Akalowesha pamba, akaiweka juu ya stika, akakandamiza kwa kidole gumba, kama anavyokandamiza kwenye ukucha wa mteja, na kusubiri ilainike huku akipiga soga. Mikono ya kazi ina mazoea yake, haimuulizi mwenyewe.

"Unaona? Mambo ni kutulia," alimwambia mumewe. "Kucha ya bandia hata iwe na gundi gani, kwa asetoni inakuwa uji, unaifuta..."

Neno uji likamrudia masikioni. Kucha ya bandia ni plastiki. Tangu aanze kazi hii alikuwa anayeyusha plastiki kutwa kucha, analipwa kwa kuyeyusha plastiki, na haikumpitia akilini hata kidogo kwamba redio nayo ni plastiki!

Akanyanyua kidole. Kilinata, kikaachia kwa shida. Stika imetoka, naam, imetoka na rangi yote ya fedha, na kwenye plastiki nyeusi ya pembe ile, iliyokuwa sasa laini kama sabuni iliyolala kwenye maji, kidole chake kilikuwa kimezama na kuacha shimo lake, na mistari yake yote, safi kabisa, kama amewekewa wino.

"Mama yangu mzazi!" Madoido akapiga ukelele.

"Usiguse! Usifute!" mume naye akapiga kelele, na wakati huohuo akaanza kuipepea redio kwa kile kiatu.

Harufu ilijaa chumba kizima. Wakafungua madirisha, wakakaa wanaitazama. Plastiki ikapoa, ikawa ngumu, na alama ya kidole ikabaki pale kama mhuri. Na Madoido alikuwa anawaza jambo moja tu: angekuwa ameanza na lile jiwe kubwa. Angeweka pamba pale, akakandamiza, akapiga soga. Kidole cha baba mkwe kingefutika, cha kwake kikaketi mahali pake.

Akaifunga redio kwenye shuka, akaibeba kama mtoto mwenye homa, akatoka nayo barabarani. Jirani na saluni yao palikuwa na kibanda cha fundi wa simu aliyeitwa Taratibu, jina alilolipata kwa kuwa ukimpelekea simu asubuhi anakusalimia mpaka mchana. Watu walimsema sana. Lakini simu ikitoka mkononi mwake imetoka, hairudi.

"Shikamoo, fundi," alisema Madoido akihema.

"Marahaba. Za nyumbani? Mume kafika? Za saluni?"

"Fundi, ninakufa!"

"Kaa basi, ufe umekaa." Akafunua shuka. Akaangalia vijiwe, akaangalia maua, akafika kwenye pembe iliyoyeyuka. Akavua miwani. "Asetoni?"

"Asetoni."

"Hiyo na plastiki haviwekwi chumba kimoja. Na usije ukajaribu petroli, wala thina ya rangi, wala kisu, wala kile chuma cha kusugulia masufuria. Redio kama hii ni mzee. Ngozi yake imekauka. Mzee hachunwi, anakandwa."

"Basi nikandie wewe, nakuomba. Mama mkwe anakuja kesho."

Taratibu akatikisa kichwa. "Mimi mikono yangu ni ya bisibisi. Wewe unashika vidole vya watu siku nzima na hawakulilii. Hiyo redio ni kidole kikubwa tu. Sikiliza." Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasema haraka. Itoe kwenye umeme, toa na betri. Pasha stika kwa draya ya nywele, moto mdogo, kwa mbali, isisimame mahali pamoja. Mkono wako ukiona joto ni kali, basi hata plastiki imeona hivyohivyo. Stika ikilegea, ivute imelala, usiinyanyue kwa hasira. Kijiwe usikikwangue, kipitishie uzi chini yake, huku na huku, kama unakata kipande cha sabuni. Gundi ikibaki inanata, ipake mafuta ya kupikia kidogo, iache inywe, kisha isugue kwa ncha ya kidole mpaka ijikunje vipunje. Mwisho kitambaa na maji ya sabuni, kikamuliwe hasa, na mafuta wala maji yasisogee kwenye matundu ya spika. "Na kila kitu unachotaka kupaka, anza kukijaribu chini ya tumbo, pasipoonekana. Ungeanza tumboni na hiyo asetoni, ungekuwa hujaja kunisalimia."

"Na hii pembe? Unaweza kuirudisha?"

"Kilichoyeyuka hakirudi, binti yangu. Hiyo sasa ni yako."

Aazime draya saluni, arudi nyumbani, waigeuze redio kifudifudi juu ya taulo: yote hayo Madoido aliyafanya kwa haraka, na kuanzia hapo haraka ikaisha. Walijaribu mafuta chini ya tumbo. Wakasubiri. Plastiki haikulalamika. Ndipo wakaanza.

Mume alishika draya, mke alishika uzi. Mwanzoni walikuwa wanaogopa hata kukohoa. Lakini kazi ya mikono ina dawa yake. Ua la kwanza lilipolegea na kutoka zima, limelala, bila kuacha alama, walitazamana wakacheka kama watoto walioiba maembe wasikamatwe.

"Kumbe inawezekana!" mume akasema. "Basi tukimaliza hapa uje kwenye usukani wangu."

"Thubutu! Wa kwako unakaa mpaka ustaafu."

Kijiwe kwa kijiwe. Uzi ukikatika wanakata mwingine. Kuna kimoja kiliruka kikaingia kwenye kikombe cha chai cha mume, naye akanywa bila habari, na mpaka leo hakijaonekana tena. Jua lilipoanza kuzama duara za spika zilikuwa zimebaki na gundi tu, na waliisugua kwa mafuta, mmoja upande huu, mwingine ule, ikajikunja vipunje vyeusi kama uchafu wa shingo ya mtoto aliyecheza mchana kutwa. Mume akaanza kumsimulia habari za baba yake: kwamba alikuwa hataki mtu aongee wakati wa habari, na habari zikiisha ndiye aliyekuwa anaongea kuliko wote, kwamba aliinunua redio ile kabla hajanunua kitanda. Madoido hakuwahi kusikia mambo hayo. Ilimbidi aharibu ndipo aambiwe.

Jiwe kubwa waliliacha mpaka Jumapili asubuhi, mikono ikiwa imepumzika.

"Acha nilitoe mimi," mume alisema. "Ni ya baba. Ikiharibika, nigombezwe mimi."

"Mikono yako ni ya usukani. Nililiweka mimi, nalitoa mimi."

Akapasha. Akaweka kiganja chake pale kupima, akapasha tena. Akapitisha uzi chini ya jiwe, akauvuta huku, akauvuta kule, pole pole, pumzi ameishika. Mwenda pole hajikwai, lakini mwenda pole anatoka jasho, usidanganywe. Jiwe likacheza. Likainama upande mmoja. Likaanguka juu ya taulo bila kelele. Chini yake ilibaki ile gundi ya mpira, imejaa kwenye kishimo. Madoido aliidondoshea mafuta kwa ncha ya kijiti cha pamba, akaiacha inywe, kisha akaikunja kutoka pembeni kwa kidole, isitoke, isitoke, halafu ikatoka yote kwa mara moja kama ganda la yai.

Doa lilikuwepo. Jeusi, laini, limebonyea vilevile, na ukingo wake wa rangi ya fedha haujaguswa.

Mume aliweka kidole gumba chake mle. Kilienea. Akakaa hivyo kidogo, kisha akasema anakwenda kuangalia kama bomba la nje limefungwa, na alikaa huko nje muda mrefu kuliko bomba lolote linavyohitaji. Madoido alimwacha. Yeye mwenyewe alikuwa analia na kucheka, kitambaa cha sabuni mkononi.

Ilibaki pembe. Mume alishauri waigeuze redio kidogo, pembe iangalie ukutani. Haikufaa, ikaonekana imenuna. Mwishowe walitandika kitambaa cha kufuma juu yake, kikaning'inia upande ule mmoja, wakajipa moyo kwamba imependeza. Wakasikia gari nje.

Mama mkwe aliingia, akasalimiwa, akapokelewa begi, akapewa maji. Akaeleza habari za mjukuu: mzima, ana sauti, kichwa cha babu yake. Yote hayo anayasema huku anatazama kabati.

"Redio inaumwa jino?" akauliza. "Mbona mmeifunga kitambaa?"

Mume akafungua mdomo, na Madoido akajua kabisa kuwa uongo ndio unaokuja, uongo mzuri wa kumkinga yeye, na kwamba ukishatoka watakaa nao ndani ya nyumba ile kama mpangaji asiyehama. Akasimama, akakitoa kitambaa mwenyewe.

"Mama, nimeiharibu. Niliibandika vijiwe, nikafunika mpaka alama ya baba. Sikujua. Alama ya baba ipo, haijaguswa. Lakini nilipokuwa navitoa niliyeyusha hapa. Nisamehe mama, sikuuliza."

Mama mkwe alivuta kiti chake. Akaziona betri kando ya redio, akazirudisha ndani moja moja, akaiwasha, akazungusha kitufe mpaka sauti ya mtu ikapatikana katikati ya mikwaruzo, kisha kidole gumba chake kikateleza kikakaa mahali pake. Stesheni ikatulia. Akafumba macho. Madoido na mumewe walisimama wamenyooka kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

Mkono wa pili wa mama ukashuka ubavuni mwa redio, ukapapasa, ukafika kwenye pembe. Ukasimama. Ukapapasa tena.

"Hiki ni kidole cha nani?"

"Changu, mama."

"Hebu kilete."

Madoido akapiga magoti, akaweka kidole gumba chake kwenye shimo lake. Kikaingia kama mguu kwenye kiatu cha siku zote. Mama mkwe akaangalia, akainama zaidi akaangalia tena, na mabega yakaanza kumtikisika. Madoido alidhani analia. Kumbe mama yule wa maneno machache alikuwa anacheka, anacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea.

"Marehemu alichukua miaka yote ile kuweka alama yake hapa," alisema akijifuta macho. "Wewe umeweka yako kwa siku moja! Ama kweli mna haraka, watoto wa siku hizi." Akavuta pumzi. "Sasa vijiwe vyangu viko wapi?"

"Vijiwe... vyako, mama?"

"Wifi yako alinionyesha kwenye simu yake. Kile kitu mnachoweka picha. Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Nikasema tangu mzee aondoke, hiyo ndiyo siku ya kwanza naiona sebule yangu ikiwa na furaha. Nikajiambia, nikifika nitamwomba atoe hilo jiwe moja tu la kwenye kidole. Mengine yakae."

Mume akakaa chini. Siku nzima ya jana, na draya, na uzi, na kijiwe ambacho mpaka sasa kimo tumboni mwake!

"Tumevitoa vyote, mama," Madoido alisema kwa sauti ndogo.

"Basi utavirudisha vyote. Ila hapa usifunike." Akagusa doa la mumewe. "Na hapa usifunike." Akagusa pembe iliyoyeyuka.

"Hapo pabaya, mama. Pataonekana."

"Nataka paonekane. Mgeni akivunja glasi anaomba radhi, anaokota vipande, anaondoka. Anayeyeyusha redio ya mwenye nyumba halafu akabaki kuitengeneza, huyo si mgeni. Huyo ni wa humuhumu, na hasara zake." Akaingiza mkono mfukoni mwa gauni, akatoa kile kitambaa cha njano ambacho kumbe alikuwa amesafiri nacho, akamtupia Madoido mapajani. "Na mafuta mmeacha hapa juu, sijui mlikuwa mnakaanga. Futa, mwanangu. Futa vizuri, unapakwepa nini? Mikono hiyo umeazima?"

Anagombezwa! Madoido alikishika kitambaa kile kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, akaanza kufuta. Hakuwahi kugombezwa vizuri namna ile.

Mume, kwenye sakafu, alikuwa anatabasamu kwa fahari, kana kwamba kazi yote ile aliipanga yeye. Mama yake akamgeukia.

"Na wewe unacheka nini? Wewe peke yako ndiye huna alama kwenye redio hii. Nenda kachemshe chai."